Gasparo Angiolini na Suala la Dansi Isiyohitaji Maneno

Utangulizi

Katika historia ya sanaa za maonyesho barani Ulaya, karne ya 18 hutajwa aghalabu kuwa ndiyo iliyoipa dansi ya jukwaani uwezo wa kusimulia. Kabla ya hapo dansi katika makasri na kumbi za opera ilikuwa pambo. Iliingizwa baina ya tendo moja la opera na jingine ili kuwaburudisha watazamaji, na haikulazimika kuhusiana na kisa kilichokuwa kikiimbwa. Kufikia mwisho wa karne hiyo palikuwa na baleti iliyosimama peke yake, yenye wahusika, mgogoro, upeo na hatima, ikitendwa tangu mwanzo hadi mwisho bila neno hata moja kutamkwa. Mageuzi hayo yana jina moja linalotajwa kila mara, nalo ni la Mfaransa Jean-Georges Noverre. Tangu mwaka 1982 siku yake ya kuzaliwa, tarehe 29 Aprili, imekuwa ikiadhimishwa kuwa Siku ya Dansi Duniani.

Liko jina la pili, ambalo halikutengewa siku. Gasparo Angiolini alizaliwa Florence mwaka 1731, akafa Milan mwaka 1803. Alikuwa mchezaji, mtunzi wa baleti na, mara nyingi, mtunzi wa muziki wa baleti zake mwenyewe. Baleti zilizompa sifa kubwa zaidi hakuzitunga Italia. Alizitunga Vienna na St. Petersburg, akiwa mwajiriwa wa makasri ya watu wengine, mbele ya hadhira ambazo lugha yake ya mama haikuwa yao. Katika maandishi yake alishikilia dai moja kwa ukaidi mkubwa: kwamba dansi iliyotungwa vyema hueleweka yenyewe, wala haihitaji kuegemea maelezo yaliyochapishwa.

Insha hii inalichunguza dai hilo kwa kuyafuata maisha ya kisanaa ya aliyelitoa. Kinachotafutwa si wasifu kamili. Kinachotafutwa ni jibu la swali ambalo kila anayefundisha fasihi hukutana nalo, ajue asijue: je, sanaa itendwayo kwa mwili inaweza kudumu katika kumbukumbu za watu bila kupata mlinzi katika maandishi? Na ikiwa haiwezi, ni nani anayeyashika maandishi hayo, na kwa lugha gani?

Kabla ya kuendelea, istilahi zinahitaji kubainishwa. Kiswahili kina neno ngoma, ambalo hubeba kwa pamoja ala, mchezo wenyewe na shughuli nzima inayowakusanya watu. Baleti ya karne ya 18 haikuwa ngoma kwa maana hiyo pana. Watazamaji walikaa kwa kufuata vyeo vyao, wachezaji walilipwa mshahara, na aliyetunga hatua alikuwa mwajiriwa mwenye mkataba. Kwa hiyo neno dansi linatumika hapa kwa tendo la kucheza, baleti kwa utungo wa jukwaani, na maigizo bubu kwa usimulizi wa kisa kwa njia ya ishara za mwili na uso.

Vienna: Nafasi Iliyoachwa na Hilverding

Angiolini hakuanza na uwanja mtupu. Huko Vienna alimkuta Franz Hilverding, mtunzi wa baleti ambaye tayari alikuwa ameanza kuzipa dansi zake visa na wahusika badala ya mfuatano wa hatua za kupendeza tu. Mwaka 1758 Hilverding aliitwa Urusi, na Angiolini, aliyekuwa na umri wa miaka 27, akashika nafasi yake. Deni hili hakulisahau. Miaka mingi baadaye, katika ugomvi utakaoelezwa hapa chini, jambo la kwanza alilolidai halikuwa sifa yake mwenyewe, bali sifa ya mwalimu wake.

Mazingira ya Vienna yanaeleza mengi. Kasri la Malkia Maria Theresa lilitumia Kifaransa katika mazungumzo ya heshima na Kiitaliano katika opera, ilhali watu wa mjini walisema Kijerumani. Katika ukumbi wa Burgtheater palikuwa na kundi la waigizaji wa Kifaransa. Katika ukumbi wa pili, Kärntnertortheater, vichekesho vilichezwa kwa Kijerumani. Mkuu wa maonyesho hayo alikuwa Hesabu Giacomo Durazzo, mwungwana kutoka Genoa. Mtunzi wa muziki aliyekuwa chini yake ni Christoph Willibald Gluck. Mwaka 1761 akafika Ranieri de' Calzabigi, mshairi kutoka Livorno. Kwa hiyo mji mmoja ulikuwa na hadhira iliyogawanyika kwa lugha, na pamoja nayo kikundi kidogo cha wasanii, wengi wao wageni, waliokuwa wakitafuta sanaa itakayouvuka mgawanyiko huo. Dansi haikuhitaji mkalimani. Hilo halikuwa wazo la kinadharia tu. Lilikuwa pia hesabu ya mwajiri.

Tarehe 17 Oktoba 1761 Burgtheater ilionyesha baleti ya Don Juan, iliyotungwa na Angiolini kwa muziki wa Gluck. Kisa kilikuwa kimekwisha kuzoeleka Ulaya nzima kupitia tamthilia za Kihispania, Kiitaliano na Kifaransa. Don Juan anamuua Kamanda katika pigano la upanga. Sanamu ya marehemu inakuja kwenye karamu ya muuaji. Muuaji anaalikwa makaburini, anahimizwa atubu, anakataa. Ardhi inapasuka na mashetani yanamchukua hadi jehanamu. Yote hayo yalitendwa bila neno. Hapakuwa na mwimbaji wa kueleza huzuni wala mzungumzaji wa kutangaza adhabu.

Karl von Zinzendorf, aliyehudhuria onyesho hilo, aliandika katika shajara yake kwamba kisa kilikuwa cha huzuni na cha kutisha mno. Ushahidi huu una uzito kwa sababu unaonyesha kwamba lengo la mtunzi lilifikiwa. Mtu aliyekwenda kutazama dansi alirudi nyumbani na hofu. Kabla ya hapo baleti iliweza kumfurahisha mtazamaji au kumchosha, haikutarajiwa imtishe. Katika kijitabu kilichogawiwa watazamaji, Angiolini alijitambulisha kuwa mfufuaji wa sanaa ya waigizaji bubu wa Roma ya kale, ile iliyowapa sifa Pylades na Bathyllus katika zama za Augusto. Mtu aliyetaka kuipa dansi hadhi ya tanzia alihitaji nasaba, na nasaba iliyoheshimika kuliko zote katika karne hiyo ilikuwa ile ya Kale.

Hapa ndipo panapojitokeza kinaya cha kwanza. Baleti isiyo na maneno ilitanguliwa na kijitabu cha maneno. Zaidi ya hayo, wataalamu wengi wanaamini kwamba kalamu iliyokiandika ilikuwa ya Calzabigi, ingawa jina lililotiwa ni la Angiolini. Ndivyo inavyosemwa pia kuhusu tasnifu yake ya mwaka 1765 juu ya maigizo bubu ya watu wa kale, iliyotolewa kwa Kifaransa. Mchezaji alikuwa na wazo na alikuwa na mwili wa kulithibitisha. Alipotaka wazo hilo lisomwe na mabwana wa kasri, alihitaji mkono wa mwandishi na lugha ya mabwana hao.

Orfeo na Semiramis

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 5 Oktoba 1762, watu hao watatu walikutana tena katika Orfeo ed Euridice. Calzabigi aliandika matini, Gluck akatunga muziki, Angiolini akatunga dansi. Historia ya muziki huitaja opera hiyo kuwa mwanzo wa mageuzi ya Gluck. Kisichosemwa mara nyingi ni kwamba mageuzi hayo yalitokana kwa kiasi kikubwa na yale yaliyokwisha kujaribiwa katika baleti ya mwaka uliotangulia. Katika Orfeo dansi si kituo cha mapumziko. Maombolezo kaburini, ukali wa mashetani kwenye lango la kuzimu na utulivu wa waliobarikiwa vyote ni sehemu za kisa. Ukiviondoa, kisa kinapungukiwa. Gluck mwenyewe alitambua undugu huo. Alipoitengeneza upya opera yake kwa ajili ya Paris mwaka 1774, aliuchukua muziki wa mwisho wa Don Juan, ule wa jehanamu, akautia katika onyesho la mashetani. Hadhira ya Paris ilisikia muziki uliokuwa umetungwa kwa ajili ya dansi ya Angiolini, bila jina lake kuwamo.

Ushindi huo ulifuatwa na pigo. Januari 1765 kasri lilisherehekea ndoa ya Joseph, mrithi wa ufalme, na binti mfalme Maria Josepha wa Bavaria. Kwa sherehe hiyo Angiolini alichagua Semiramis, tanzia ya Voltaire ya mwaka 1748, akaigeuza kuwa baleti fupi na kali. Malkia aliyemuua mumewe anakaribia kuolewa na mwanawe bila kumjua, na mwisho wake ni kuuawa kwa mkono wa mwana huyo kaburini mwa mume. Baleti ilionyeshwa tarehe 31 Januari, siku chache baada ya harusi. Haikupendwa. Ni vigumu kuwalaumu watazamaji: waliitwa kwenye furaha ya ndoa, wakaonyeshwa mke muuaji na ndoa ya haramu.

Hata hivyo Semiramis haipaswi kuchukuliwa kuwa kosa la mtu asiyejua adabu za mahali. Katika tasnifu iliyoandamana na baleti hiyo, Angiolini alikuwa akijenga hoja kwamba dansi ina daraja zake kama zilivyo za tamthilia, na kwamba daraja ya juu kabisa ni ya tanzia. Kwa hoja hiyo alihitaji kisa cha tanzia kisichopunguzwa makali. Sherehe ilimpa jukwaa, wachezaji na fedha. Yeye aliutumia wasaa huo kwa haja ya sanaa yake. Msanii wa kasri hukabiliwa na uchaguzi huu mara kwa mara, na aghalabu humchagua mwajiri. Safari hii Angiolini hakufanya hivyo. Agosti ya mwaka huo huo Kaisari Franz alifariki mjini Innsbruck, kumbi za maonyesho zikafungwa kwa maombolezo, na mwaka 1766 Angiolini akafuata njia ile ile aliyokwenda Hilverding: Urusi.

Urusi: Mgeni Ajifunza Visa vya Wenyeji

Katika kasri la Catherine wa Pili, Angiolini alianza na kitu alichokuja nacho. Baleti yake ya mwaka 1766 ilimhusu Dido, malkia wa Karthago aliyeachwa na Aeneas, kisa kilichojulikana na kila mpenzi wa opera kupitia matini ya Metastasio. Muziki aliutunga mwenyewe. Huo ulikuwa uamuzi wa kinadharia: aliamini kwamba katika maigizo bubu muziki ndio unaoshika nafasi ya usemi, na kwa hiyo anayetunga hatua hawezi kuukabidhi kwa mtu asiyejua ishara itakwenda wapi.

Punde akaanza kutazama yale aliyoyakuta. Mwaka 1767 mjini Moscow alitunga baleti juu ya michezo ya msimu wa Krismasi, akaingiza humo nyimbo za wenyeji wa Urusi. Mwaka 1772 alichukua Semira, tanzia ya Aleksandr Sumarokov, akaigeuza baleti. Safari hii hakuchota kutoka Roma wala kutoka Paris. Alichota kutoka kwa mwandishi wa Kirusi aliyeandika juu ya historia ya Kirusi, mbele ya hadhira iliyoijua tamthilia yenyewe.

Baina ya kazi hizo mbili kuna baleti moja inayostahili kutazamwa kwa makini. Mwaka 1768 Catherine alimwita Thomas Dimsdale, daktari Mwingereza, amkinge na ndui kwa njia iliyotumika zama hizo, yaani kupandikizwa usaha wa mgonjwa wa ndui katika mchano mdogo wa ngozi. Njia hiyo ilikuwa na hatari yake, kwani chanjo salama zaidi ya Edward Jenner haikuwa imegunduliwa. Malkia alipandikizwa mwezi wa Oktoba, akapona, na mwanawe Paul akafuata. Kuadhimisha tukio hilo Angiolini alitunga baleti ya mafumbo iliyoitwa Chuki Isiyo na Msingi Iliyoshindwa. Humo Ujinga na Ushirikina ni wahusika, Urusi ni mhusika aitwaye Ruthenia, na malkia anawakilishwa na Minerva, mungu wa hekima.

Kwa mtazamo wa kwanza hii ni sifa tupu kwa mlipaji, na baleti za aina hiyo zilikuwa nyingi katika makasri yote ya Ulaya. Lakini msomaji na akumbuke ni nani aliyekuwa akisherehekewa katika usiku wa Semiramis. Maria Josepha, bibi harusi wa Januari 1765, alikufa kwa ndui Mei 1767. Mke wa kwanza wa Joseph, Isabella wa Parma, alikuwa amekufa kwa ugonjwa huo huo mwaka 1763. Maria Theresa mwenyewe aliugua mwaka 1767, akaponea chupuchupu. Katika miaka michache, kasri alilolitumikia Angiolini lilikuwa limezikwa nusu na ndui. Baleti ya mwaka 1768 ilikuwa ya kusifu, ndiyo, lakini kilichosifiwa kilikuwa na thamani ya uhai wa watu, na wengi wa waliokaa ukumbini waliogopa kukifanya. Mafumbo, ambayo mhakiki wa leo huyaona kuwa baridi na ya kizamani, yalikuwa na kazi halisi ya kutenda usiku huo.

Mfululizo huu wa kazi unadokeza jambo juu ya dai la dansi isiyohitaji maneno. Don Juan, Orfeo, Semiramis, Dido, Semira: hakuna hata kimoja ambacho hadhira haikukijua kabla ya kuketi. Baleti hizi hazikuhitaji maneno kwa sababu maneno yalikuwa yamekwisha kutangulia. Watazamaji walikuja nayo vichwani. Ukimya wa jukwaani uliwezekana kwa kuwa palikuwa na matini iliyoshirikiwa baina ya mtunzi na hadhira, na ustadi wa Angiolini ulikuwa katika kuikisia matini hiyo kwa usahihi. Ndiyo maana alipofika Urusi alilazimika kujifunza. Mgeni asiyejua wenyeji wanajua nini hawezi kunyamaza mbele yao akaeleweka.

Ugomvi na Noverre

Noverre alikuwa amechapisha barua zake juu ya dansi mwaka 1760, huko Lyon na Stuttgart. Mwaka 1767 aliajiriwa Vienna, mji ambao Angiolini alikuwa ameuacha muda mfupi kabla, akawa huko hadi 1774. Sifa zake zilienea kwamba yeye ndiye muasisi wa baleti ya kusimulia. Angiolini aliporejea Italia alijibu kwa barua zilizochapishwa Milan mwaka 1773, akimwelekea Noverre kwa jina. Noverre alimjibu mwaka 1774 kwa utangulizi wa baleti yake juu ya Wahorasi, akiuita jibu dogo kwa barua kubwa. Mwaka huo huo wa 1774 wakabadilishana vituo: Noverre akaenda Milan, Angiolini akarudi Vienna. Hadhira za miji hiyo miwili zikapata nafasi ya nadra ya kumlinganisha kila mmoja na aliyemtangulia.

Hoja zao zinaweza kugawanywa katika makundi matatu. Ya kwanza ni ya historia. Angiolini alilalamika kwamba Noverre alijitwalia heshima isiyo yake, kwani Hilverding alikuwa ametangulia. Ya pili ni ya muundo. Angiolini alitaka baleti ishike kanuni za tanzia, yaani umoja wa wakati, mahali na tendo, ilhali Noverre aliona kuwa kanuni za tamthilia ya maneno haziwezi kuifunga sanaa isiyo na maneno. Ya tatu, ambayo ndiyo nzito zaidi, ni ya vijitabu vya maelezo. Noverre aliwagawia watazamaji maelezo marefu ya kila tendo na kila hisia. Angiolini aliona kuwa huko ni kukiri kushindwa: ikiwa mtazamaji lazima asome ndipo aone, basi mtunzi hakutunga.

Katika hoja ya pili, wakati umempa Noverre haki. Umoja wa aina tatu umetupwa na tamthilia yenyewe, sembuse baleti. Katika hoja ya kwanza haki iko kwa Angiolini, na wanahistoria wa dansi wameikubali: Hilverding sasa hutajwa. Hoja ya tatu ndiyo isiyokwisha. Angiolini naye aligawa vijitabu, kama ilivyoonekana katika Don Juan na Semiramis. Kwa hiyo tofauti ya wawili hao haikuwa baina ya aliyetumia maandishi na asiyetumia. Tofauti ilikuwa juu ya mahali pa kuuweka mzigo wa maana. Noverre alipanua masimulizi yake kuliko yale ambayo hadhira iliyajua, kisha akaijazia pengo kwa karatasi. Angiolini aliyabana masimulizi yake hadi yakalingana na yale yanayojulikana. Njia ya kwanza humpa mtunzi uhuru wa kisa na kumfunga kwenye maandishi. Njia ya pili humkomboa kutoka kwenye maandishi na kumfunga kwenye kumbukumbu ya jamii. Anayesoma masimulizi simulizi ya watu wowote atautambua uchaguzi huu, kwa maana fanani anayesimulia kisa kijulikanacho huweza kuruka mengi, na akisimulia kipya hana budi kufafanua.

Lakini ushindi wa Noverre katika kumbukumbu ya dunia haukutokana na ubora wa hoja. Ulitokana na lugha na chapa. Barua zake ziliandikwa kwa Kifaransa, lugha iliyosomwa na watu wenye elimu kutoka Lisbon hadi St. Petersburg. Kufikia mwaka 1769 zilikuwa zimetafsiriwa kwa Kijerumani. Angiolini, alipoiacha hatimaye kalamu ya kuazima na kuandika kwa ajili yake mwenyewe, aliandika kwa Kiitaliano, na barua zake zilisomwa zaidi na Waitalia. Kuna jambo linalotosha kuonyesha urefu wa pengo hilo. Noverre hakupata kuajiriwa Urusi. Angiolini alifanya kazi huko kwa vipindi vitatu: kuanzia 1766, kisha baada ya 1776, na tena kuanzia 1782 hadi 1786. Hata hivyo toleo kubwa la maandishi ya Noverre, la juzuu nne, lilianza kuchapishwa St. Petersburg mwaka 1803. Huo ndio mwaka aliofariki Angiolini.

Milan na Cattaro

Miaka yake ya mwisho haikuwa ya jukwaani tu. Baada ya vipindi kadhaa katika ukumbi wa La Scala, uliofunguliwa Milan mwaka 1778, Angiolini aliyepata riziki yake kwa malkia na makaisari aliishia kuwa mfuasi wa jamhuri. Majeshi ya Napoleon yalipoingia Milan mwaka 1796 na Jamhuri ya Cisalpina ikatangazwa mwaka uliofuata, alijiunga na upande huo waziwazi. Mwaka 1799 Waaustria walirejea. Mzee huyo wa miaka 68 alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Cattaro, kwenye pwani ya mashariki ya Bahari ya Adria. Aliachiliwa baada ya mkataba wa amani wa Lunéville wa mwaka 1801, akarudi Milan, akafa humo Februari 1803.

Mhakiki anaweza kushawishika kuona hapa mgongano: mtu wa makasri kageuka mpinzani wa makasri. Lakini maisha yake ya awali hayakosi dalili. Katika Semiramis aliipa sanaa yake kipaumbele mbele ya raha ya mfalme. Katika ugomvi na Noverre alitetea haki ya Hilverding, aliyekuwa amefariki tangu 1768 na asingeweza kumlipa fadhila. Katika baleti ya ndui alimsifu malkia kwa jambo ambalo maskini pia angelifaidi. Waliomfunga mwaka 1799 walikuwa watumishi wa dola ile ile iliyomlipa kwa Don Juan.

Hitimisho

Kutokana na maelezo haya, dai la Angiolini linaweza kupimwa upya. Alisema dansi hueleweka bila maneno, na usiku wa tarehe 17 Oktoba 1761 ulithibitisha kwamba alisema kweli kwa hadhira yake. Ukweli huo haukuvuka usiku wenyewe. Ulaya ya karne yake ilikuwa na mfumo wa kuandika hatua za dansi, uliochapishwa na Raoul-Auger Feuillet mwaka 1700, lakini mfumo huo ulifaa kuonyesha njia ya miguu sakafuni kuliko hofu usoni, na baleti ya kusimulia ilikuwa imeupita. Noverre aliudharau. Matokeo yake ni kwamba hatua za Don Juan zimepotea. Kilichobaki ni muziki wa Gluck na kijitabu ambacho pengine kiliandikwa na Calzabigi. Kila anayeirudisha baleti hiyo jukwaani leo hutunga hatua mpya juu ya muziki wa zamani.

Hali hii inaihusu idara yoyote ya fasihi. Orodha za vitabu vya kusomwa hutayarishwa kutokana na vilivyochapishwa, na vilivyochapishwa hutokana na nani alikuwa na kalamu, mchapishaji na lugha inayosafiri. Noverre alikuwa navyo vyote vitatu. Angiolini alikuwa navyo kwa kuazima, na Hilverding hakuwa navyo kabisa. Laiti mwanafunzi wake asingeandika, kutajwa kwake leo kungekuwa kwa nadra zaidi. Kwa hiyo barua za mwaka 1773, ambazo zilikusudiwa kuthibitisha kwamba dansi haihitaji maandishi, zilifanya kazi nyingine iliyo kinyume nayo: ziliihifadhi dansi ya mtu mwingine kwa kuandikwa. Anayefundisha nadharia ya sanaa za maonyesho kwa kutumia barua za Noverre peke yake anafundisha upande mmoja wa mjadala ambao ulikuwa na pande mbili tangu siku ya kwanza. Upande wa pili upo, umechapishwa, na uko katika Kiitaliano kinachosomeka.